Namba Moja, Watu Wawili: Simu Yako Mpakani Busia na Malaba

Namba inayoanza na 0701 ukiipiga ukiwa Kenya, kwa kawaida itapokewa na mteja wa Safaricom. Vuka uingie Uganda, weka laini ya huko, upige tarakimu zilezile kumi: atapokea mteja wa Airtel, mtu mwingine kabisa. Nchi zote mbili hutumia namba za tarakimu kumi zinazoanza na 07, na nyingi kati yake zinafanana. Kwa mkaazi wa Nyeri jambo hili halina uzito. Kwa anayeuza mahindi au mitumba Busia, ambako mteja wa ng'ambo huvuka asubuhi na kurudi jioni, hapo ndipo pesa hupotelea.

Hebu fikiria. Mnunuzi wa upande wa pili anakutajia namba yake, nawe unaiandika jinsi ulivyoisikia. Wiki ijayo unataka kumrudishia baki. Unachagua jina lake, unatuma kwa M-Pesa, na pesa zinamwangukia Mkenya usiyemjua, kwa sababu M-Pesa ya Kenya ikiona 07 inaelewa Kenya. Wewe umesoma jina ulilohifadhi mwenyewe, kumbe simu imesoma tarakimu tu.

Dawa yake ni nyepesi. Kila mtu wa Uganda mhifadhi kwa +256, ukiiacha ile sifuri ya mwanzo. Wa Kenya mhifadhi kwa +254. Namba iliyoandikwa hivyo humfikia mwenyewe popote uliposimama na kwa laini yoyote, na WhatsApp nayo humtambua. Wazee wa biashara wanakumbuka kupiga 006 kwenda Uganda na 005 kuja Kenya. Ile ilifaa kwa kupiga tu, lakini katika kuhifadhi namba tumia +256. Na ukitaka kutuma pesa Uganda, pitia menyu ya kutuma nje ya nchi, yaani M-Pesa Global, si ile ya kutumiana humu nchini.

Kabla ya kukubali, soma jina la mpokeaji linalotokea kwenye kioo. Lisome lote. Likiwa geni, katisha. Ikiwa umeshatuma, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 papo hapo, kwa kuwa pesa hurudi kwa urahisi kabla aliyezipokea hajazitoa. Usipoteze dakika ukimbembeleza wakala. Yeye hana uwezo wa kuzirudisha.

Kero ya pili inawasumbua hata wasiofanya biashara. Uko Malaba, upande wa Kenya, hujavuka popote, na ujumbe unaingia kukukaribisha Uganda. Mawimbi ya simu hayana habari na mto wala geti. Simu hupendelea mtandao wake wa nyumbani, ila ukiingia kwenye kibanda cha mabati, au ukisimama katikati ya foleni ya malori, mawimbi ya nyumbani yakififia simu hujishikiza kwa mnara wa jirani. Ikishajishikiza, haina haraka ya kurudi.

Hapo bando ulilonunua asubuhi halifanyi kazi. Kama romingi ya data imezimwa, intaneti inakatika huku alama za mtandao zikiwa zimejaa, nawe unadhani simu imeharibika. Kama imewashwa, kredo inaweza kuliwa kimyakimya. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao wa simu, uzime romingi ya data. Kisha ondoa uteuzi wa mtandao wa kujiendesha, uchague mwenyewe mtandao wako wa Kenya. Kwa maoni yangu, hatua hii ya pili ndiyo ambayo kila mkaazi wa mpakani angepaswa kuifanya siku anayonunua simu. Kumbuka tu kurudisha ule uteuzi wa kujiendesha utakapovuka kweli, la sivyo simu itakuwa bubu. Ukiwa na haraka, washa hali ya ndegeni kwa sekunde chache na uizime. Mara nyingi simu itatafuta mtandao upya na kurudi nyumbani.

Kuhusu gharama za kupiga, wengi wamesikia kwamba romingi ilifutwa Afrika Mashariki. Mpango wa mtandao mmoja ulioanza 2014 kati ya Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini ulihusu sauti: kupokea simu bila malipo, na kupiga kwa bei isiyozidi senti 10 za dola kwa dakika. Data haikuwamo. Ndiyo maana laini mbili bado zina faida kwa anayevuka kila siku, mradi achague vizuri laini ipi itumie data.

Matapeli nao wanajua kwamba mtu wa mpakani amezoea namba ngeni. Akipiga mtu akidai pesa zimeingia kwako kimakosa, angalia salio lako kwanza, wala usitegemee ujumbe uliopokea. Ujumbe wa utapeli upeleke kwa 333. Safaricom huwapigia wateja kwa 0722 000 000, na hakuna mhudumu halali atakayekuomba PIN.

Leo usiku, kabla hujaweka simu chaji, fungua orodha yako ya majina. Anza na wateja wa ng'ambo, mmoja mmoja, uwawekee +256.