Punguza Muda wa Simu Bila Kukosa Pesa Zako

Olenguruone, baridi ya upande wa msitu wa Mau ikishaingia jioni, watu hujifungia ndani mapema. Ng'ombe wameshakamuliwa, chakula kimeliwa, kinachobaki mkononi ni simu. Unafungua TikTok "dakika mbili tu", unahamia Facebook, unapitia makundi ya WhatsApp, na ukishtuka ni saa sita usiku. Saa kumi na moja alfajiri ng'ombe wanakungoja tena, na majani chai hayajichumi yenyewe.

Ushauri wa kawaida ni huu: zima simu ulale. Ni ushauri mzuri, lakini wengi hawaufuati kwa sababu simu ndiyo pochi. Vipi kama mnunuzi wa viazi atatuma pesa usiku? Vipi kama mtoto aliye shuleni atapiga? Ndiyo maana leo tunajifunza jinsi ya kuweka simu kando bila kufunga pochi.

Pesa haihitaji bando

M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, wengi walikuwa na kabambe isiyo na intaneti. Huduma ilijengwa ifanye kazi bila data, na bado inafanya hivyo. Ukizima data:

- Pesa uliyotumiwa inaingia kwenye akaunti kama kawaida.
- Ujumbe wa kuthibitisha unakuja kama SMS.
- Unaweza kutuma, kulipa au kuangalia salio kwa kupiga *334#.
- Simu za kawaida bado zinaingia.

Hata ukizima simu yenyewe, pesa haipotei. Inaingia, na SMS inakufikia ukiwasha. Kwa hivyo, kinachokuweka macho usiku si pochi. Ni data.

Piga hesabu ya bando

Tuseme unanunua bando la shilingi 20 kila siku. Kwa mwaka ni shilingi 7,300. Sasa tuseme unapumzika siku 3 kwa wiki. Unaokoa shilingi 60 kwa wiki, yaani 3,120 kwa mwaka. Mwaka 2023 serikali ilishusha bei ya mbolea ya ruzuku hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Umeona? Zile video zinaweza kuwa zinakula mfuko mzima wa mbolea, na chenji juu.

Usiku wa manane si wakati wa kuamua mambo ya pesa

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Kama unaamka saa kumi na moja alfajiri, ni lazima uwe umelala kufikia saa nne usiku. Mwanga wa skrini unauchelewesha usingizi, na video inayofuata inauchelewesha zaidi.

Mtu aliyechoka pia huamua vibaya. Usiku ukiwa kwa skrini ndipo tangazo la kamari linakuita "jaribu bahati", na mkopo wa haraka unaonekana rahisi kwa sababu ni kubonyeza mara mbili tu. Hata matapeli wanapenda mtu mwenye usingizi, maana hasomi ujumbe hadi mwisho. Tunapendekeza sheria moja nyumbani: baada ya saa tatu usiku hakuna kukopa, hakuna kubashiri, hakuna kutuma pesa isipokuwa dharura. Dharura ikija, piga simu kwanza usikie sauti ya mwenyewe. Mambo mengine yote yatangoja asubuhi.

Watoto nao?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Ukimpa mtoto simu ili anyamaze, kumbuka umempa pia pochi yako. Usimwambie PIN, na usiihifadhi ndani ya simu.

Mpango wa siku 7

1. Siku ya 1: Fungua mipangilio, tafuta "Nidhamu Dijitali" (kwa simu nyingi za Android) na uone ni saa ngapi umekuwa kwa skrini. Andika namba hiyo kwa karatasi.
2. Siku ya 2: Zima arifa za programu zote isipokuwa SMS na simu.
3. Siku ya 3 na 4: Zima data saa tatu usiku. Chaji simu mbali na kitanda.
4. Siku ya 5: Washa "Usinisumbue" na uruhusu watu wachache wa familia kukupata usiku.
5. Siku ya 6: Usinunue bando. Weka pesa hiyo kwenye akiba.
6. Siku ya 7: Angalia saa zako tena, ulinganishe na ile namba ya siku ya 1.

Ukiteleza siku moja, usianze upya. Endelea na inayofuata. Sisi tunafurahi ukitumia simu kulipa na kupokea, lakini hiyo ni kazi ya dakika chache tu kwa siku. Saa zinazobaki ni zako: lala, ongea na watu wa nyumbani, upumzike. Anza leo saa tatu usiku.