Tansio Si Kama Malaria: Somo kwa Wazee na Wanaowatunza

Ndugu msomaji, ikiwa nywele zako zimeanza kuwa nyeupe, somo hili ni lako. Ikiwa ungali kijana, lisome kwa sauti mbele ya baba na mama yako, maana macho ya wazee wengi hayashiki tena herufi ndogo.

Sisi wote tunaijua malaria. Malaria haijifichi. Mwili unawaka moto, mifupa inauma, mtu anatetemeka chini ya blanketi. Anakwenda hospitali, anapewa dawa ya siku tatu, anaimaliza, anarudi shambani. Basi tumezoea kufikiri hivi: maumivu ndiyo ugonjwa, na maumivu yakiisha, ugonjwa umeisha.

Lakini tansio haina desturi hiyo, na kwa sababu hiyo inaua wazee wetu.

Tansio ni nini? Moyo husukuma damu katika mishipa mchana na usiku. Damu inapopita, inasukuma kuta za mishipa. Hilo ni jambo la kawaida kwa kila mtu aliye hai. Lakini kwa watu wengine, zaidi wakifika miaka arobaini au hamsini, damu inasukuma kwa nguvu kupita kiasi siku zote. Mishipa inakuwa migumu. Moyo unachoka. Mafigo yanaharibika polepole, na macho pia. Kisha siku moja mshipa wa ubongo unaziba au unapasuka, na mzee aliyelima jana anaamka leo mkono na mguu wa upande mmoja havisogei, na mdomo umekwenda pembeni.

Kabla ya siku ile, aliumwa nini? Mara nyingi hakuumwa kitu. Wengine huumwa kichwa, lakini usikingojee kichwa kikuonye. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2021 kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye tansio ulimwenguni hawajui kwamba wanayo. Ni mashine tu inayoijua. Inatoa hesabu mbili: ya kwanza, moyo unaposukuma, ya pili, moyo unapopumzika. Ya kwanza ikifika 140 au kupita, au ya pili ikifika 90 au kupita, na ikiwa hivyo tena siku nyingine, mganga atasema una tansio.

Watu huuliza: Mbona babu zetu hawakuwa na ugonjwa huu? Swali hili ni zuri, nami sitaki kulipita haraka. Mwaka 1929 daktari mmoja jina lake Donnison, aliyefanya kazi upande wa Kavirondo ya Kusini katika Kenya, aliandika habari za watu wapata 1,000 aliowapima damu. Aliona kwamba watu wale walipopita miaka arobaini damu yao haikupanda kama ya Wazungu, bali ilishuka. Lakini mwaka 1990 ilichapwa habari nyingine kutoka Kenya ileile. Waganga waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini kwenda kukaa Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Ndani ya miezi michache tu damu ya wale wa mjini ilikuwa imepanda kuliko ya wale wa kijijini, na mkojo wao ulionyesha kwamba wanakula chumvi nyingi zaidi. Watu ni wa kabila moja. Chakula na maisha ndivyo vilivyobadilika.

Sasa fikiri habari za chumvi kwetu. Katika karne ya 19 chumvi ya Uvinza, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, ilibebwa mpaka Ujiji na kuuzwa huku na huku kandokando ya ziwa. Ilikuwa mali. Mtu hakuimwaga katika chungu kama mchanga. Leo chumvi inapatikana sokoni kwa bei ndogo, hata Kilembwe, mbali na ziwa. Mama anatia chumvi katika sombe, anaongeza samaki wa chumvi, anavunja na Maggi mbili juu yake. Maggi nayo ni chumvi! Kisha mzee anaonja na kusema, chakula hiki hakina ladha, leteni chumvi.

Mzee hasemi uongo. Ulimi unazeeka pamoja na mwili. Kumbuka Barzilai katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 19. Alikuwa na miaka themanini, naye alimwambia mfalme Daudi kwamba hawezi tena kuonja vema anachokula na kunywa. Basi wewe unayepika, usiufuate ulimi wa mzee. Chumvi ya mtu mmoja kwa siku nzima isipite kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyofichwa katika samaki na Maggi. Samaki wa chumvi mloweke na kumwaga maji yake kabla ya kupika. Ndakala waliokaushwa kwa jua bila chumvi ni chakula chema. Tia kitunguu, nyanya, ndimu, pilipili kama tumbo linakubali. Baada ya majuma machache ulimi utazoea. Na usimpikie mzee chungu chake peke yake kana kwamba anaadhibiwa. Nyumba yote ipunguze chumvi, maana itawafaa wote.

Pombe kali na tumbaku viachwe. Juu ya hayo sihitaji kusema mengi, mmesikia.

Habari ya vidonge ni nzito zaidi. Mzee anapewa dawa ya mwezi mmoja. Anapimwa tena, hesabu ni nzuri, anafurahi, anaacha. Amefanya kama mtu wa malaria. Lakini hesabu ilikuwa nzuri kwa sababu ya kidonge! Akiacha, damu inapanda tena, wala hasikii kitu. Dawa ya tansio humezwa kila siku, kwa watu wengi mpaka mwisho wa maisha, na ni mganga tu anayeweza kuipunguza au kuibadilisha. Kama inakuletea kikohozi kikavu, au kizunguzungu, au miguu kuvimba, rudi useme. Ziko dawa za namna nyingine. Ile inayokupeleka kukojoa mara nyingi, imeze asubuhi upate usingizi usiku. Usimpe jirani kidonge chako, hata akikulilia.

Wala usimwambie mzee aliyeombewa kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Aombewe, ameze, tena apimwe.

Nanyi mnajua kwamba katika nchi yetu ya Fizi watu hukimbia ghafula wakisikia risasi. Weka kadi yako na vidonge vyako katika mfuko mmoja karibu na kitanda, pamoja na kitu unachobeba kwanza.

Magoti ya wazee yanauma, na wauzaji wa soko wanalijua. Wanauza diklofenaki na ibuprofeni kama karanga. Dawa hizi hupandisha tansio, huharibu mafigo na kutoboa tumbo. Dekisamethazoni wanayoimeza watu ili wanenepe inapandisha damu na sukari pia. Kwa goti, anza na parasetamoli kama mganga alivyokuandikia, kitambaa cha maji ya moto, fimbo imara, na kutembea kidogo kila siku. Mzee anayeketi kutwa nzima anapoteza nguvu za miguu, kisha anaanguka.

Mtu akipooza ghafula, au mdomo ukapinda, au maneno yakamtoka ovyo, mpelekeni hospitali saa ileile, hata dalili zikipita. Mlazeni upande. Msimpe chakula wala maji, maana yanaweza kuingia katika mapafu. Msimchanje ngozi. Na msimtafute mchawi. Mara nyingi anayesingiziwa ni bibi mzee asiye na mtu wa kumtetea, naye tansio yake mwenyewe haijapimwa. Nyumba zimevunjika, na wazee wamefukuzwa katika vijiji, kwa sababu ya mshipa mmoja uliopasuka, ambao chumvi ya miaka mingi na kidonge kilichoachwa vingeweza kueleza.

Siku ya kupimwa, fanya hivi. Usinywe kahawa wala kuvuta tumbaku kwa nusu saa kabla. Kojoa kwanza. Ikiwa umepanda mlima, pumzika. Keti dakika tano, mgongo ukiegemea, miguu ikikanyaga chini bila kupishana, mkono juu ya meza, na mkono wa shati uvuliwe. Usizungumze wakati mashine inapobana. Kisha omba hesabu zako mbili ziandikwe kwenye kadi pamoja na tarehe, uje na kadi hiyo mara nyingine.