Picha za Zamani Kwenye Runinga Kubwa

Wanachama wenzangu, mtu akinunua runinga kubwa hutarajia kila kitu king'ae. Kisha aweka DVD ya harusi ya zamani, na nyuso zatokea kama zimepakwa uji! Wengine husema ati diski imeharibika, wakaitupa pamoja na sura za wazee waliokwisha kutuacha. Jamani, msitupe.

Hebu tuhesabu. Picha ya DVD za kwetu ina nukta 720 kwa upana na mistari 576. Kioo cha HD kamili kina 1920 kwa 1080, yaani nukta mara tano. Kwa kila nukta iliyorekodiwa, runinga yabidi ibuni nne. Hakuna rimoti itakayorudisha kisichorekodiwa. Tunaloweza ni kuizuia runinga isizidishe uongo.

Adui mkubwa ni kile kipimo cha ukali wa picha. Watu hukipandisha hadi mwisho, kumbe hakiongezi chochote ila kuchora ukingo mweupe kando ya nyusi na maandishi. Kiteremsheni polepole mpaka ukingo ule upotee.

Halafu umbo. Picha nyingi za zamani ni 4 kwa 3. Ukiitandaza ijaze 16 kwa 9, bibi harusi ananenepa kwa theluthi nzima! Acheni weusi ubaki kandokando.

Waya wa plagi ya manjano huchanganya rangi na mwanga, vikaingiliana. Mashine ikiwa na tundu la HDMI, tumieni hilo. Kisha sogezeni viti nyuma. Kwa mbali jicho halitenganishi nukta na nukta, na picha ile ile huonekana imekaza.