Lemera: jina la kilima linathibitisha nini?

Lemera ni kijiji cha mlimani katika teritware ya Uvira, Kivu Kusini, na ni makao makuu ya usultani wa Bafuliiru. Upande wa mashariki, chini, kuna uwanda wa Ruzizi, mto unaotoka Ziwa Kivu, kwenye mita 1460 hivi, na kuingia Ziwa Tanganyika, kwenye mita 773 hivi. Chini kuna joto, mpunga, miwa ya Kiliba na barabara ya Bukavu–Uvira. Juu, upande wa magharibi, kuna baridi na malisho ya Itombwe. Lemera iko katikati, na kwa hiyo watu wa lugha mbalimbali wamekuwa wakipita hapo.

Kwetu sisi wanafunzi wa lugha, swali linaanzia kwenye jina. Nimesikia mara nyingi mtu akisema: “Jina hili ni la lugha yetu, basi kilima ni chetu.” Tulipime neno hilo.

Kwanza, sauti. Katika usultani huohuo kuna Luvungi na kuna Runingu, kwa sababu katika eneo hili l na r hubadilishana kwa urahisi. Kwa hiyo Lemera inafanana na Remera, mtaa wa Kigali. Pili, mzizi. Kwa Kinyarwanda, kuremera ni kuwa mzito. Kwa Kiswahili tunasema mzigo unamlemea mtu. Je, Lemera ni “kilima kizito”, kilichopewa jina na wageni? Hapana, hatuwezi kuhitimisha hivyo. Kifuliiru, Kishi, Kirundi na Kinyarwanda ni lugha za ukoo mmoja, zilizorithi mizizi mingi kwa babu mmoja. Ndugu wakifanana sura, haina maana kwamba mmoja amemwibia mwenzake. Majina hayo mawili yangeweza kufanana hata kama hakuna mtu aliyehama kutoka kilima kimoja kwenda kingine.

Tena, maana ya jina haikai katika mzizi peke yake. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, iliyoongozwa na Daktari Denis Mukwege, ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa vitandani, na wauguzi pia. Mwezi huohuo, jina la Lemera likawekwa juu ya mapatano ya tarehe 23 yaliyounda AFDL. Kwa msomaji wa siasa, Lemera ni karatasi iliyotiwa saini. Kwa familia za mlimani, Lemera ni wafu wao. Hakuna kamusi ya mizizi inayoonyesha tofauti hiyo.

Basi, mwenzangu, ukienda kukusanya majina ya mahali, andika linavyotamkwa, na nani, na kwa lugha gani. Uliza wazee wa zaidi ya ukoo mmoja. Jina la mahali linaweza kutuonyesha lugha zilizokutana hapo. Hati ya shamba ni kitu kingine, na isimu haina mamlaka ya kuitoa.