SOMO LA UFUNDI: USUKANI WA TREKTA KUUKUU



Katika vilima vya Itaba jembe la mkono ndilo linalolima mashamba mengi. Trekta likipita huku, mara nyingi linavuta tela lenye mzigo, na barabara ya udongo yenye mteremko haimsamehe dereva ambaye magurudumu yake ya mbele hayamtii.

Tuchukue Massey Ferguson 135, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1964. Sanduku lake la usukani lina mikono miwili, mmoja kila upande, na kila mkono husukuma fimbo yake mpaka kwenye gurudumu lake. Hakuna fimbo moja inayounganisha magurudumu yote mawili. Kwa hiyo rotili ya kushoto ikichomoka (wenzetu wa Tanzania na Kenya huiita boljointi), gurudumu la kushoto huenda linakotaka.

Kwanza tupime. Zima injini, funga breki, kinga magurudumu ya nyuma kwa mawe. Mwenzako atikise usukani kidogo kushoto na kulia, nawe utazame kila rotili. Kichwa kikicheza ndani ya kikombe chake, hiyo imekwisha. Kisha inua ekseli ya mbele, uikalishe juu ya magogo imara, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa, utikise gurudumu juu na chini. Likicheza peke yake, tazama beringi. Likicheza pamoja na mhimili wake, bushi zimelika, na rotili mpya hazitaponya ugonjwa huo.

Kabla ya kufungua, pima urefu wa fimbo uuandike. Toa pini, legeza nati lakini usiitoe yote. Shika nyundo nzito nyuma ya tundu la mkono, upige ubavu wa pili kwa nyundo nyingine mpaka rotili iachie. Usipige kwenye hesi. Legeza kibano, zungusha rotili kuitoa huku ukihesabu mizunguko. Mpya iingie kwa hesabu hiyo hiyo.

Safisha tundu, kaza nati, tia pini mpya. Matundu yasipolingana, kaza mbele zaidi, usirudishe nyuma. Tumeona misumari imetiwa mahali pa pini, na rotili zimechomelewa au kufungwa kwa mpira wa tairi. Hayo hatuyakubali, hata bwana shamba akisema ni ya siku mbili tu. Mwisho pima nafasi kati ya rimu mbili, mbele na nyuma, kwa kimo cha ekseli: ya mbele ilingane na ya nyuma au ipungue kidogo, kama kitabu cha mashine kinavyosema.

Shamba moja tulilowahi kufanya kazi, trekta liliingia mtaroni. Dereva alikuwa amelalamikia usukani mara tatu, lakini kwa mdomo. Alikatwa mshahara, na sisi hatukuwa na karatasi ya kumtetea.

Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2001, unasema mfanyakazi wa kilimo anayejitenga na hatari ya karibu na kubwa, akiwa na sababu ya haki, asiadhibiwe. Lakini amwarifu msimamizi mara moja. Basi andika ubovu, tarehe na saa, nakala mbili, msimamizi atie sahihi. Akikataa, mashahidi wawili watie zao. Asiyejua kuandika amwendee mwakilishi wake kabla trekta halijawashwa.