Mama Uliyewahi Kupata Kisukari cha Ujauzito, Angalia na Moyo Wako

Kisukari cha ujauzito mara nyingi huondoka mtoto anapozaliwa. Kondo la nyuma likishatoka, homoni zake zilizokuwa zikiizuia insulini isifanye kazi nazo huondoka, sukari hushuka na mama huruhusiwa kwenda nyumbani akiambiwa amepona. Kwa sukari ya siku ile, ni kweli. Lakini mwili ulioelemewa na sukari wakati wa mimba umetoa taarifa mapema, na taarifa hiyo inahusu pia presha, mafuta kwenye damu na mishipa ya moyo.

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wanawake zaidi ya milioni 5, ulionyesha kuwa waliowahi kupata kisukari cha ujauzito wana hatari mara mbili ya wenzao ya kupata maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Hatari hiyo ilionekana ndani ya miaka 10 ya kwanza baada ya kujifungua, na hata wale ambao hawakuja kuugua kisukari cha kudumu hawakusalimika nayo. Kwa hiyo anayezungumziwa hapa ni mama kijana mwenye watoto wadogo.

Mafuta ya kwenye damu hutoka wapi

Wengi hudhani kolesteroli ni shida ya wanaokula nyama ya mafuta. Sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na ini lenyewe. Tena, kasoro inayoonekana sana kwa mama aliyepitia kisukari cha ujauzito ni trigliseraidi kuwa juu na HDL, ile kolesteroli nzuri, kuwa chini. Kinachopandisha trigliseraidi zaidi ni sukari na wanga uliozidi, kwa kuwa ini hugeuza ziada hiyo kuwa mafuta. Mama anaweza kupita wiki nzima bila kuonja nyama, na damu yake ikajaa mafuta kwa sababu ya chai ya vijiko vinne, maandazi asubuhi, sahani kubwa ya wali mchana na soda jioni.

Hapa tunaomba tuzungumze na bibi na mama mkwe pia, maana ndio wanaomlisha mzazi siku 40 za mwanzo. Mzazi anayenyonyesha anahitaji chakula cha kutosha, na kunyonyesha kwenyewe kunamsaidia kupunguza hatari ya kupata kisukari baadaye. Mpikieni uji wa ulezi au wa dona, ila msiumiminie sukari wala kuujaza siagi. Supu ya mifupa iacheni ipoe, mafuta yagande juu, myaengue kwa kijiko ndipo mpashe moto. Maharage, kunde, mchicha, dagaa na samaki vina nguvu ya kumrudisha mzazi katika hali yake bila kumjaza mafuta. Samli, mafuta ya mgando na tui zito viwe kidogo. Arobaini ikiisha na mwili ukiwa na nguvu, mama atembee kwa mwendo wa haraka angalau dakika 150 kwa wiki.

Vipimo

Mtoto wa wiki 6 hupelekwa kliniki kupata chanjo. Siku hiyo hiyo mama naye aulizie kipimo cha sukari cha kunywa glukosi gramu 75, kisha kupimwa tena baada ya saa 2. Kipimo hiki hufanywa kati ya wiki ya 4 na ya 12, na sukari ipimwe tena kila baada ya mwaka 1 hadi 3 hata kama majibu ni mazuri.

Mafuta ya damu hupanda kwa kawaida wakati wa mimba, hivyo ukipima mapema mno majibu yanaweza kukupotosha. Chanjo ya surua ya miezi 9 ni wakati mzuri wa kukumbuka kuyapima. HDL ikiwa chini ya 1.3, au trigliseraidi ikizidi 1.7 (kwa vipimo vya mmol/L), zungumza na daktari. Presha ipimwe kila uendapo kituoni. Ukiandikiwa dawa za kupunguza kolesteroli, mweleze daktari kama unanyonyesha au unatarajia kushika mimba nyingine.

Moyo wa mwanamke ukipata shida, pamoja na kifua kubana anaweza kuhisi kuishiwa pumzi, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida, au maumivu ya taya na mgongo. Usiyachukulie kuwa ni vidonda vya tumbo ukakaa nyumbani. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Na kila uendapo kutibiwa, hata mtoto wako akiwa ameshaanza shule, mwambie mhudumu kwamba uliwahi kupata kisukari cha ujauzito. Usipomwambia, huenda asijue.