DAFTARI LA NYUMBA: SOMO KWA MUME NA MKE



Somo letu la mara hii si la mti wala la jamvi. Twataka kuzungumza juu ya fedha baada ya karafuu kutoka mizanini, maana huko ndiko wengi wetu tunakopotelea. Mwenye shamba hujua kwa hakika alipeleka kilo ngapi na za daraja gani, na stakabadhi anayo. Lakini mwulize baada ya miezi minne fedha zile zimekwenda wapi: atakutazama wewe, kisha atamtazama mkewe.

Mtu wa mshahara hupata kila mwezi, hata akikosea mwezi huu mwezi ujao hujirekebisha. Sisi sivyo. Mkarafuu una desturi yake. Ukizaa sana mwaka huu huchoka, na mwaka wa pili huenda ukatoa kidogo tu. Na matawi yakivunjwa ovyo wakati wa kuchuma, basi hukawia zaidi. Fedha zetu huja kwa mkupuo, halafu kimya. Kosa kubwa ni kuzihesabu kama kwamba msimu ujao utakuwa sawa na huu.

Khabari ya Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, sote tumeisoma chuoni: miaka saba ya neema na miaka saba ya dhiki. Twaisoma kwa sauti nzuri, lakini msimu ukifika hatuikumbuki. Jambo la kuangalia ni kwamba kabla ya kuweka ghala alitanguliza kuhesabu miaka. Mtu asiyejua akiba yake ni ya kumfikisha wapi, hana akiba. Ana fedha ambazo hazijatumika bado.

Mwaka mbaya ukimkuta mtu hana kitu, mlango ulio karibu ni kuuza karafuu zingali juu ya mti, au kukopa kwa ahadi ya msimu. Mambo haya si mageni kisiwani. Wazee wetu waliingia madeni hata Serikali ya wakati ule, mwaka 1934, ikatoa sheria za kuzuia mashamba yasihamie kwa wakopeshaji. Sheria ilizuia ardhi, lakini haikuweza kumfundisha mtu hesabu ya nyumbani kwake. Wala tusisahau kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuuza matunda kabla ya kuonekana kupevuka kwake. Mwenye kuuza maua hajui anauza nini, na mara nyingi hugundua mnunuzi alijua zaidi.

Sasa tuje kwenye daftari lenyewe. Hakuna haja ya daftari kubwa la ofisi. Daftari la mwanafunzi latosha, na kalamu iliyofungwa uzi ili watoto wasiondoke nayo. Ukurasa wa kushoto andika kilichoingia, wa kulia kilichotoka, pamoja na tarehe. Andika kila siku baada ya sala ya Isha, wote wawili mkiwapo. Mmoja aandike, mwingine akumbushe. Ikiwa mume hakusoma na mke amesoma, basi mke aandike, wala hapana aibu katika hilo.

Nitasema ya nyumbani kwangu, maana si haki kuwafundisha wenzangu nililoliona gumu mimi mwenyewe. Tulipoanza, mwezi wa kwanza ulipokwisha tulijumlisha. Mchele, unga, samaki na mafuta ya taa vilikuwa kama tulivyodhani. Kisha mke wangu akajumlisha kahawa yangu ya barazani, haluwa ya Ijumaa na vocha za simu. Jumla yake ilikaribia jumla ya samaki wa mwezi mzima. Nikamwambia, "Hizo tusiziandike, ni vitu vidogo." Akanijibu, "Baba watoto, kama ni vidogo vitaona haya gani kuandikwa?" Zikaandikwa. Kahawa sikuiacha, lakini sasa naijua bei yake.

La pili lilikuwa deni la dukani. Sisi tulikuwa na hakika ni 150,000. Daftari la mwenye duka likasema 214,000. Tulimdhania vibaya yule bwana kwa siku mbili. Kumbe mtoto wetu alikuwa akitumwa sukari na sabuni, anachukua, na hapana aliyeandika. Tangu siku hiyo, kinachochukuliwa kwa mkopo huandikwa nyumbani jioni ile ile, na mwisho wa mwezi daftari mbili hulinganishwa. Mwenye duka naye amefurahi.

Ipo sehemu ya tatu ya daftari, na hii ndiyo inayoleta ugomvi isipokuwapo. Ni ukurasa wa mali ya mke. Kwa sheria ya dini yetu, mahari ya mwanamke ni yake, na chumo lake ni lake. Chakula, mavazi na makao ya nyumba ni juu ya mume. Wake zetu wengi wana mwani wao pwani, wana upatu, wana mashamba waliyorithi. Desturi ni kwamba fedha ya mwani huingia jikoni kimya kimya miezi ya dhiki, na karafuu zikiuzwa mume husahau. Mke hasemi kitu kwa kuwa ataonekana hana mapenzi. Lakini msimu wa pili huficha, na ana haki ya kuficha. Nyumba ikafanya kama ina hazina mbili zisizojuana: moja inakopa dukani, nyingine imekaa ndani ya sanduku chini ya kitanda.

Basi iwe hivi. Mke akitoa fedha yake kwa matumizi ya nyumba, aulizwe: ni sadaka yako au ni mkopo? Akisema ni zawadi, iandikwe zawadi, na ashukuriwe. Akisema ni mkopo, iandikwe mkopo pamoja na tarehe na kiasi, nayo ilipwe msimu utakapofika, kabla ya bati na kabla ya pikipiki. Wapo watakaosema kuandikiana deni baina ya mume na mke ni kutoaminiana. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya 282 ya Sura ya Bakara, ni ya kuamrisha kuandikwa deni, nasi hatukuona popote kwamba mume ametolewa.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme nyumba moja imeuza kilo 400 za karafuu kavu, na kwa kurahisisha tuseme kila kilo ni shilingi 10,000. (Hiyo ni bei ya mfano tu, msije mkanijia juu.) Zimepatikana 4,000,000. Kabla ya kufurahi, ondoa ujira wa wachumaji kwa pishi zao, wachambuaji, chakula cha dago, majamvi na gari: tuseme 1,300,000. Zabaki 2,700,000. Ondoa deni la dukani na mkopo wa mke, jumla 300,000. Zabaki 2,400,000.

Hapa mume husema, "Tuna milioni mbili na laki nne." Daftari lasema vingine. Kwa miezi sita iliyoandikwa, nyumba hii hutumia 150,000 kila mwezi. Muhogo, ndizi na nazi huleta 60,000. Upungufu wa kila mwezi ni 90,000. Kwa miezi 12 ni 1,080,000, na hapo wengi hukoma, wakaona wana 1,320,000 za kuchezea. Lakini mkarafuu haukuahidi kuzaa mwakani. Hesabu miezi 24: upungufu ni 2,160,000. Basi fedha iliyo huru kweli ni 240,000. Yatosha bati chache, au mbuzi, au kuongeza miche. Pikipiki haitoshi.

Na mwakani karafuu zikipatikana? Alhamdulillahi, ile sehemu ya mwaka wa pili itakuwa bado ipo, na sasa ndiyo akiba. Hivyo ndivyo akiba inavyozaliwa katika nyumba ya mkulima wa karafuu. Yule anayengoja kibakie kitu mwisho wa mwezi atangoja sana.

Juu ya mahali pa kuweka sitasema mengi. Fedha ya mwaka wa pili isikae nyumbani, kwa sababu ya wezi na zaidi kwa sababu ya jamaa. Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1966, ina pia huduma za kufuata sharia kwa wanaochelea riba. Fedha ya mwezi huu na ujao ikae karibu. Upatu ni mzuri kwa kununulia kitu kimoja kinachojulikana, lakini usiweke humo fedha ya chakula, maana zamu yako haingoji njaa yako. Harusi na matanga hayazuiliki. Yawekewe fungu dogo kila mwezi, na fungu likiisha mtu aseme limekwisha. Akiba ikifika kiasi cha kutolewa zaka na ikatimiza mwaka, sehemu moja katika arobaini si yenu; daftari litawaonyesha tarehe, na shehe wa mtaa atawafahamisha kiasi.

ZOEZI. Mume na mke wameuza kilo 250 kwa bei ile ile ya mfano. Gharama za uchumaji hata mizani ni 850,000. Nyumba inadaiwa na mke 90,000 za mwani. Matumizi ya mwezi ni 130,000, na mazao madogo huleta 70,000. (a) Baada ya kulipa gharama na deni la mke, zabaki ngapi? (b) Je, zatosha miezi 24, na fedha iliyo huru ni kiasi gani? (c) Mume amekwisha mwahidi fundi baiskeli ya 300,000. Akiinunua, nyumba itapungukiwa miezi mingapi?

Majibu yaletwe ofisini siku yoyote ya kazi asubuhi, yakiwa yameandikwa na wote wawili.

Katibu